Tapeti kava inayovuja haiponi kwa silikoni na nguvu za mkono

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenye magari, pamoja na mafundi wenzangu, juu ya tatizo ambalo gereji haimalizi wiki bila kulipokea: oili inayovuja kwenye kifuniko cha juu cha injini, kile kinachofunika valvu na ambacho sisi mafundi tumezoea kukiita tapeti kava. Ninaandika kwa sababu tiba iliyozoeleka, yaani kupaka silikoni na kuongeza nguvu ya kukaza bolti, inaharibu injini ambazo zilikuwa bado na umri mrefu mbele yake. Ninaandika pia kwa sababu wenye magari wengi wameaminishwa kwamba gari lililotumika Japani likishafika kwetu ni lazima livuje oili, nao wamekubali kuishi na madoa chini ya gari na harufu ya kuungua kama jambo la kawaida, wakati si la kawaida hata kidogo.

Kuna jambo moja ambalo likieleweka, mengine yote yanakuwa mepesi. Pampu ya oili huisukuma oili kutoka kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, hadi juu kwenye kamshafti, mhimili unaofungua valvu, lakini ikishalainisha vyuma vya huko juu huachwa ianguke, irushwe huku na huku na kamshafti inayozunguka, kisha irudi chini kwa uzito wake yenyewe kupitia matundu yaliyotobolewa kwenye silinda hedi, kile chuma ambacho kava hukaa juu yake. Maana yake ni kwamba tapeti kava haizuii oili yenye presha. Inazuia matone na mvuke tu, na kwa hiyo gasketi yake, yaani kizibio kilicho kati ya kava na silinda hedi, haihitaji kubanwa kwa nguvu nyingi, bali inahitaji kubanwa kwa usawa pande zote. Ukiona oili inalazimisha kutoka hapo, sababu ni moja kati ya tatu, au zaidi ya moja kwa pamoja: gasketi imepoteza unyumbufu wake, uso wa kava au wa silinda hedi hauko sawa, au kuna presha ya hewa ndani ya injini inayosukuma kutafuta mlango. Kila sababu ina tiba yake, na fundi anayepaka silikoni bila kujua anatibu ipi kati ya hizo tatu anabahatisha kwa fedha ya mwenye gari.

Gasketi zenyewe zamani zilikuwa za kizibo au karatasi nene. Za magari tunayotumia leo kwa sehemu kubwa ni za mpira uliofinyangwa kufuata umbo la mfereji wa kava, mpira ambao umetengenezwa kustahimili oili na joto, lakini haustahimili milele. Gasketi mpya ukiikunja inarudi ilivyokuwa. Iliyoiva kwa joto la miaka mingi hutoka kwenye mfereji ikiwa imegeuka bapa, imeshika umbo la chuma kilichoibana, na ukijaribu kuipinda inakatika kama tambi kavu. Mpira wa namna hiyo hauwezi tena kuisukuma kava na silinda hedi kwa pamoja, na hakuna kiasi cha kukaza kitakachourudishia uhai. Unabadilishwa, basi.

Kinachouharakisha mpira kuzeeka ni joto kuzidi na oili kuchoka. Gari lililowahi kuchemsha, hata mara moja tu lakini kwa ukali, lichunguzwe tapeti kava yake mapema. Na hapa niitaje tabia moja ambayo imeenea sana katika gereji zetu, ya kung'oa thamostati, ile valvu inayodhibiti mzunguko wa maji ya kupozea injini kulingana na joto, ili gari "lisichemshe". Injini isiyo na thamostati huchelewa kufikia joto lake la kazi, maji na mabaki ya petroli hayapati joto la kuyageuza mvuke yakatoka kwenye oili, na matokeo yake ni tope jeusi linalojikusanya chini ya tapeti kava na kuziba yale matundu ya kurudishia oili. Yakiziba, oili inatuama juu ya silinda hedi, inafika usawa wa gasketi na kukaa hapo muda wote injini inapofanya kazi. Ukifungua kifuniko cha kujazia oili ukakuta utando mweupe mzito kama wa mtindi uliochanganyika na oili, kwanza uliza kama thamostati ipo, na uhakikishe pia kwamba maji ya rejeta hayapungui, kwa sababu utando huo unaweza kuwa dalili ya maji kuingia kwenye oili, na hilo ni tatizo kubwa kuliko gasketi.

Sasa nije kwenye silikoni yenyewe. Ililetwa kwangu Noah yenye injini ya 3S ambayo taa ya oili ilikuwa ikiwaka gari likiwa kwenye sailensa, yaani injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, na kuzimika likikanyagwa mafuta. Mwenye gari alishaambiwa kwamba pampu ya oili imekufa na kwamba atafute injini nyingine. Tulipoifungua sampu tukakuta chujio la pampu limezibwa na nyuzi za silikoni, nyingine nyekundu, nyingine za kijivu, nyingine nyeusi, zikiwa zimejisokota pamoja na tope. Tukapanda juu kufungua tapeti kava, nayo ilikuwa imegundishwa kiasi kwamba ilitulazimu kuizungushia ubao na kuigonga taratibu ili isipasuke. Chini ya silikoni ile, ndani ya mfereji wake, tuliikuta gasketi ya zamani, ngumu, haijawahi kuguswa. Kila fundi aliyepita pale alikuwa ameongeza tabaka lake juu ya la mwenzake. Ile silikoni iliyobinuka kuelekea nje ndiyo ambayo kila mtu aliiona na kuridhika nayo, lakini ukibana kitu laini kati ya vyuma viwili hubinuka pande zote mbili, na ile iliyobinuka ndani ilikatika kidogo kidogo, ikashuka na oili kupitia matundu yale yale niliyoyaeleza, hadi ikafika kwenye sampu. Tulisafisha chujio, tukasafisha nyuso zote mbili, tukaweka gasketi mpya ikiwa kavu, na presha ya oili ikarudi. Pampu ilikuwa nzima. Injini ile ingeweza kunoki, yaani kukwama kwa kukosa oili, barabarani kwa sababu ya uvujaji ambao, ungeachwa bila kutibiwa, ungeishia kuchafua injini kwa nje tu.

Sisemi kwamba silikoni haina kazi. Watengenezaji wa magari wenyewe huielekeza, lakini kwa sehemu maalumu: kwenye pembe ambapo kava ya mnyororo wa taimingi inakutana na silinda hedi, kwa sababu hapo kuna kiungo cha vyuma viwili chenye mwanya mdogo ambao gasketi ya mpira haiwezi kuuziba peke yake, na kwenye vile vizibo vya nusu mwezi ambavyo baadhi ya injini zinavyo mwishoni mwa kamshafti. Hapo linawekwa tone dogo, kava inafungwa ndani ya dakika chache kabla silikoni haijaanza kushika, na injini inapumzishwa kwa muda ulioandikwa kwenye kichupa kabla ya kuwashwa. Sehemu nyingine yote gasketi inakaa kavu. Na silikoni yenyewe iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya injini, iliyoandikwa kwamba inastahimili oili na haidhuru sensa. Nimeona ikitumika silikoni ya madirisha na mabafu, ile inayonuka siki, kwa sababu ni rahisi kupatikana hadi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ile hutoa asidi wakati inakauka, inashambulia chuma, na mvuke wake unaweza kuharibu sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Duka la ujenzi lina mambo yake, na injini ina mambo yake.

Kukaza kwa nguvu ni kosa la pili, na pengine ndilo gumu zaidi kuliacha, kwa sababu tunafundishwa tangu siku ya kwanza gereji kwamba fundi ni mkono. Bolti za tapeti kava kwenye magari mengi madogo ya Kijapani ni nyembamba, zenye unene wa milimita 6, zinazofunguliwa kwa spana namba 10, na mkazo unaotakiwa kwa kawaida hauzidi takriban nyutoni-mita 10. Kwa lugha ya gereji, ukishika spana yenye urefu wa sentimita 15, nguvu inayotakiwa mwisho wa mpini ni ya kama kilo 7 tu. Ukishika rachet yenye urefu wa sentimita 30, ni kilo 3 na nusu hivi, nguvu ambayo mtoto wa shule anayo. Fundi anayekaza bolti hiyo kwa rachet ndefu hadi "isikie" amekwisha kupita kipimo mara mbili au tatu bila kujua. Injini nyingine zina nati kubwa zinazotaka mkazo zaidi ya huo, na ndiyo maana kipimo cha kufuatwa ni kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini husika, wala si mazoea ya injini ya jana.

Yanayofuata baada ya kukaza kupita kiasi yanategemea kava ni ya aina gani. Kava ya bati hubonyea kuzunguka tundu la bolti na kuinuka katikati ya bolti mbili, kwa hiyo kadiri unavyokaza ndivyo mwanya unavyoongezeka mahali ambapo bolti haipo. Kava ya plastiki hupasuka, mara nyingi ufa mwembamba usioonekana hadi uoshwe. Kava ya aluminiamu huvumilia zaidi, lakini uzi ulio kwenye silinda hedi, ambao nao ni wa aluminiamu, ndio unaokatika, na hapo kazi ya gasketi inageuka kuwa kazi ya kutoboa na kuweka uzi mpya. Tena magari mengi yana bolti zenye bega, yaani zimetengenezwa zikome zenyewe zinapogusa chuma, ili mtu asiweze kuiponda gasketi hata akitaka. Kwenye bolti za namna hii, kinachoibana kava ni washa za mpira zilizo chini ya kichwa cha bolti. Washa hizo nazo huwa ngumu na kusinyaa kama ilivyo gasketi, na fundi anayebadilisha gasketi akarudisha washa za zamani atashangaa kuona kava bado inacheza huku bolti zimefika mwisho. Seti kamili huuzwa na washa zake. Zisitupwe kwenye kopo la takataka pamoja na karatasi ya kufungia.

Kukaza kwenyewe kunaanzia katikati kuelekea nje, kwa kupishanisha pande, na kwa awamu: kwanza zote zifikishwe kwa mkono, kisha nusu ya mkazo, kisha mkazo kamili. Kabla ya hapo nyuso zote mbili zisafishwe kwa kikwaruzio cha plastiki au cha mbao na kitambaa kisichotoa nyuzi. Burashi ya waya ya kufunga kwenye drili isiguse aluminiamu, kwa sababu inachimba mifereji ambayo oili itaipenda, na vumbi lake la chuma linaanguka ndani ya injini.

Jambo ambalo linanisikitisha kuliko yote ni kuona gasketi mpya, nzuri, iliyofungwa vizuri, ikianza kuvuja baada ya majuma machache, na mwenye gari akaambiwa kwamba aliuziwa spea feki. Mara nyingi gasketi haina kosa lolote. Ndani ya kila injini, hata iliyotoka kiwandani leo, kuna gesi kidogo zinazopenya kando ya ringi za pistoni na kushuka chini kwenye sampu. Zamani gesi hizo ziliachwa zitoke nje kupitia bomba lililo wazi, zikachafua hewa ya mjini, hadi mwaka 1961 mamlaka za jimbo la California nchini Marekani zilipoagiza zirudishwe kwenye injini zichomwe, agizo lililoanza kutumika kwa magari ya mwaka 1963. Kifaa kinachofanya kazi hiyo ni valvu ndogo iitwayo PCV, ambayo kwenye injini nyingi imechomekwa kwenye tapeti kava yenyewe na kuunganishwa kwa mpira na bomba la kuingizia hewa. Valvu hiyo ikizibwa na tope, gesi zinakosa njia, presha inapanda ndani ya injini yote, na inatafuta mahali dhaifu. Gasketi ya tapeti kava ni ndefu, ni laini, na iko juu kabisa. Inakuwa ya kwanza kusalimu amri, na baada yake hufuata sili za kamshafti na za krenki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, ambazo kuzibadilisha ni kazi ya siku nzima.

Kuipima valvu hiyo hakuhitaji kompyuta. Ing'oe, itikise karibu na sikio. Ikiwa nzima utasikia kitu kikigonga ndani, ikiwa kimya imeganda. Kisha injini ya petroli ikiwa kwenye sailensa, fungua kifuniko cha kujazia oili na uweke kipande cha karatasi juu ya tundu: karatasi ikivutwa kidogo ikatulia, mfumo unafanya kazi, ikirushwa juu na moshi ukatoka kwa mapigo, injini inapumua vibaya. Angalia pia mpira unaotoka kwenye valvu, kwa sababu nimekuta mipira iliyopasuka kwa chini, iliyolainika ikajibana yenyewe, na hata iliyozibwa kwa bolti na fundi aliyetaka kuzuia moshi. Kwa injini za dizeli zenye tabo kipimo cha karatasi hakifai, maana hazina mvuto huo, na mvuke kidogo kwenye tundu la oili ni wa kawaida. Na ikiwa valvu ni mpya, mpira ni mzima, na bado karatasi inarushwa, basi ringi za pistoni zimechoka, na mwenye gari anastahili kuambiwa hivyo waziwazi baada ya kupimwa kompresheni, badala ya kuuziwa gasketi kila baada ya miezi michache. Valvu ya PCV kwa magari mengi yaliyoko barabarani kwetu ni spea ya bei ndogo. Sielewi kwa nini tunaifikiria mwisho.

Mhariri, kuna wasomaji watakaosema kwamba tone moja moja la oili si jambo la kuandikia barua gazetini. Niwaombe waangalie linakodondokea. Kwenye injini nyingi za petroli plagi zimekaa ndani ya visima vinavyopita katikati ya tapeti kava, na kila kisima kina sili yake ya duara. Sili hizo zikichoka, oili inajaa kisimani, inalainisha na kuvimbisha mpira wa koili, kifaa kinachoipa plagi umeme, umeme unaanza kurukia pembeni, na gari linaanza kumisi, yaani silinda moja kushindwa kuwaka. Mwenye gari ananunua plagi, halafu koili moja, halafu nyingine, na baada ya muda zote zinakufa kwa sababu hakuna aliyeziba chanzo. Anayekutana na kisima kilichojaa oili aifyonze kwanza kwa bomba la sindano na kitambaa kabla ya kufungua plagi, vinginevyo oili yote itamiminika ndani ya silinda pamoja na mchanga uliokuwa juu yake.

Hatari kubwa zaidi iko upande wa ekzosi. Magari mengi madogo tunayoyaendesha, yakiwemo yale yenye injini ya 1NZ-FE kama IST na Probox, yana injini iliyokingama, na ekzosi yake iko nyuma, kati ya injini na ukuta wa kabini, mahali ambapo ukifungua boneti huoni kitu. Gasketi ikivuja upande huo, oili inadondokea juu ya chuma ambacho gari likipanda mlima na mzigo kinaweza kuzidi nyuzi 400 za sentigredi, wakati mvuke wa oili ya injini unaweza kushika moto kwenye joto la zaidi kidogo ya nyuzi 200. Kwa siku nyingi itakuwa harufu na moshi mwepesi tu, na dalili ya kwanza ni hiyo harufu kuingia ndani ya gari unaposimama kwenye taa. Lakini oili ile inalowanisha pia vitambaa vya kuzuia joto, vumbi lililogandamana na mipira ya nyaya, na siku moja cheche au joto lililozidi linakuta kuni ziko tayari. Dereva anayesikia harufu ya oili iliyoungua asisubiri hadi zamu ya kumwaga oili ifike.

Kwa mafundi wenzangu niseme pia kuhusu kutambua chanzo, kwa sababu oili hushuka. Sili ya nyuma ya krenki imelaumiwa mara nyingi, giaboksi ikashushwa, gharama kubwa ikaingia, kumbe oili ilitoka kona ya nyuma ya tapeti kava ikateremka ukutani mwa injini hadi kwenye kiungo cha giaboksi. Osha injini kwanza, kwa uangalifu, alteneta na viunganishi vya umeme vikiwa vimefunikwa. Ikikauka, nyunyiza poda nyeupe ya kawaida, ile ya kupaka watoto, kuzunguka kingo za kava na chini yake, kisha endesha gari kwa dakika kumi na tano au ishirini ukaangalie kwa tochi. Njia ya oili itaonekana kwenye poda kuanzia pale inapotokea. Kazi yote hiyo ni ndogo kuliko kushusha giaboksi mara moja.

Na oili inayodondoka ardhini nayo ina safari yake. Sisi tulioko Morogoro mvua ikinyesha tunaona rangi za oili zikielea kwenye mitaro inayoelekea Mto Ngerengere, ambao unaungana na Ruvu, na Ruvu ndio mto ambao Jiji la Dar es Salaam hunywa maji yake. Wakala wa Mazingira wa Marekani huonya kwamba oili ya kumwaga mara moja tu kutoka gari moja inaweza kuchafua hadi galoni milioni 1 za maji. Magari yanayovuja kidogo kidogo, kila moja kwenye maegesho yake, hayaonekani kama uchafuzi, lakini mtaro unayakusanya yote.

Nina ombi kwa wauzaji wa spea. Gasketi za mpira zinazotundikwa kwenye misumari mbele ya duka, juani, zimepinda na kujivuta kwa uzito wake, zinamfikia fundi zikiwa zimeshaanza kuzeeka. Zikae kwenye pakiti, kivulini, zikiwa zimelazwa. Mnunuzi naye aitoe kwenye pakiti mbele ya muuzaji, ailinganishe na ya zamani urefu na idadi ya kona, aikunje aone kama inarudi, na ahakikishe kwamba sili za plagi na washa za bolti zimo. Gasketi iliyo fupi kwa nusu sentimita haivutwi ikafika; inarudishwa.

Ombi la pili ni kwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Mpango wao wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini umewafikia wengi ambao hawakupata darasa, na ningependa upimaji huo kwa fundi magari uwe na kazi hii ndani yake: kufungua tapeti kava, kuisafisha, kupima valvu ya PCV, kuweka gasketi na kuikaza kwa kipimo. Haichukui zaidi ya saa mbili, haihitaji vifaa vya gharama, na inamwonyesha mpimaji kama fundi anajua kwa nini anakaza, na kwa kiasi gani.

Kwa wamiliki wa gereji ndogo kama yangu, kikwazo kinachotajwa kila mara ni bei ya toki renchi, ile spana ya kupimia mkazo. Gereji yenye mafundi watatu wanne inaweza kuchangishana ikanunua moja na kuitumia kwa zamu, ila waangalie wanachonunua. Ile kubwa ya kukazia nati za matairi haifai kazi hii, kwa kuwa vipimo vyake huanzia juu ya mkazo unaotakiwa na tapeti kava. Inayofaa ni ndogo, ya kuanzia nyutoni-mita 5 hadi 25, na baada ya kazi irudishwe kwenye kipimo chake cha chini kabla ya kuhifadhiwa, ili springi yake isichoke ikaanza kudanganya.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi magari,
Kihonda, Morogoro